Maua ya Kiti cha Cynthia

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Leo meneja ametukusanya nyuma ya jikoni akatuambia yale yale ya kila mwaka: wageni wamekwisha, mvua imeingia, turudi nyumbani mpaka Julai. Miaka mingine huwa nakwenda Vihiga kulima. Mwaka huu mke wangu Rael amesema haendi popote, maana harusi ya Cynthia ni baada ya Idd kubwa. Nikamwambia basi aende yeye huko harusini, mimi siendi. Akaendelea kuchagua maharagwe.

Hotelini mimi ni mkuu wa wahudumu wa meza, na nimezoea kuandika kitabu cha zamu kila jioni: nani amechelewa, glasi gani imevunjika, mgeni gani kalalamika. Sasa sina zamu na mkono unaniwasha, kwa hiyo nitaandika ya nyumbani.

Na ya nyumbani ni haya. Cynthia ni binti yetu wa pekee. Anauza dawa katika duka moja la Msambweni. Mwezi wa Januari alisilimu, na sasa anaolewa na Abdurahman, fundi wa friji. Habari hizo zote mbili alinipa kwa simu, siku moja, mimi niliyembeba begani kumpeleka kubatizwa. Nilimjibu neno moja tu, "Sawa," na tangu siku hiyo hatujazungumza.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Uani maji yamefika kizingitini. Sikufanya lolote la maana.

Jumanne, 14 Aprili

Nyumba yetu imejaa makaratasi. Sherehe ya wanawake itafanyika Msambweni kwa Bi Mwanakombo, bibi aliyemlea Abdurahman, kwa sababu vyumba vyetu viwili hapa Ukunda havitoshi hata kuwakalisha wanakwaya wa kanisa letu. Chakula ni cha upande wao. Sisi tumeachiwa kiti cha bibi harusi, tukipambe pamoja na ukuta wa nyuma yake. Wapambaji wa hapa mjini wana bei za kumkimbiza mtu, ndipo Rael akaamua kutengeneza maua ya karatasi yeye mwenyewe. Ana karatasi za krepu chache, mifuko ya saruji iliyopanguswa vumbi, magazeti, na ufagio mzima wa chelewa ambao ameuvunja ili kupata vikonyo. Rangi anapika mwenyewe kwa manjano na bluu ya kufulia.

Nilikaa pembeni na chai yangu nikamtazama. Maua yake ni kabichi. Nilivumilia la kwanza na la pili. La tatu nikamnyang'anya.

"Mama Cynthia, petali haikunjwi hivyo. Unaipinda ukingo kwa mgongo wa kijiko, kisha unaizungusha kutoka ndani kwenda nje."

Waridi la sevieti nimelikunja maisha yangu yote, kila meza ya hoteli ile imepita mikononi mwangu. Nikamkunjia moja. Akaliweka mbele yake akalitazama, kisha akanisogezea rundo la karatasi. Rael ni mtu wa hivyo, hakuombi kitu, anakiweka tu karibu na mkono wako.

Nimekunja mpaka chai ikapoa. Kukunja si kwenda harusini.

Jumapili, 19 Aprili

Baada ya kanisa alipita Jethro, mpishi wa hoteli yetu. Alipoona maua akashika kiuno.

"Buda, hii ni nini sasa? Umeanza biashara ya mashada? Kwani nani amededi?"

"Hakuna aliyekufa."

"Si ulisema hiyo harusi huitambui?"

"Siitambui. Namsaidia mke wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Hasira yangu haikuwa kwa mzaha wake. Nimeudhika kwa sababu hata mimi, nikiyatazama yale maua meupe yamelala sakafuni, nimeona msiba.

Jumamosi, 25 Aprili

Abdurahman amekuja leo, amelowa mpaka mifupani, na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ninayompa mgeni anayerudisha supu mara ya pili.

Aliketi ukingoni mwa kiti. Ni kijana mrefu, mikono ina makovu ya ufundi. Rael akamletea taulo na chai. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za barabara, kisha akaweka kikombe chini.

"Baba, nimekuja kukwambia jambo mwenyewe, usije ukalisikia kwa watu. Katika dini yetu, bibi harusi huozwa na walii wake, na walii ni baba. Lakini baba asiyekuwa Mwislamu hawezi kumwoza binti Mwislamu. Siku ile itabidi kadhi asimame."

"Asimame wapi?"

"Mahali pako, baba."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati na nikashukuru, kwa sababu ilinipa la kusikiliza. Abdurahman akasema mjomba wake, Mzee Nzai, alimshauri aache tu, nitajionea siku hiyo hiyo. Yeye akaona huo si uungwana. Nikamshukuru kwa kunieleza. Nilipomfungulia mlango nikaona viatu vyake amevivua mbali, kule nje kwenye maji, asije akachafua kibaraza chetu.

Sasa ninaandika na sijielewi. Mimi ndiye niliyesema siendi. Kiti nimekikataa mwenyewe, mbona naumia kuambiwa hakikuwa changu? Nimeumia. Kama angekuja kunibembeleza ningejua la kumjibu. Hakuja kwa hilo, alikuja kunieleza ukweli, na ukweli huo umenikaa kifuani.

Rael aliniuliza kama nitakula. Nikasema nimeshiba ndizi, na sikuwa nimeonja hata moja.

Jumatano, 29 Aprili

Sijagusa karatasi wiki hii. Rael anakunja peke yake. Kabichi zimerudi.

Jumapili, 3 Mei

Msiba wa maua. Asubuhi Rael amefungua maboksi akapiga kelele. Sisimizi wameingia kwa majeshi, na waliyoyaacha sisimizi yameota ukungu. Ni gundi. Mimi ndiye niliyempikia, unga wa ugali na maji, kama tulivyokuwa tukibandika vitabu vya shule kule Vihiga. Kule hukauka ikawa ngumu kama ukucha. Hapa Ukunda, mwezi wa Mei, hakuna kinachokauka.

Tukiwa katikati ya uharibifu huo, hodi mlangoni. Ni Bi Mwanakombo, ameletwa na pikipiki, kanga mbili kichwani na mwavuli uliovunjika ubavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu? Na hawa wadudu mwawalisha nini?"

Rael akamwonyesha. Bibi akachukua ua moja, akalinusa, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Gundi ya unga masika haya? Mwawafanyia sisimizi karamu kabla ya yetu! Chuma majani ya mwarobaini uyachemshe, na maji yake ndiyo ukorogee unga. Ule uchungu, hakuna mdudu atakayeonja mara mbili."

Nilitoka na mvua ile ile kuchuma mwarobaini. Tukapika gundi mpya, na Bi Mwanakombo akasimamia kama mpishi mkuu. Rael alipokwenda uani, bibi akaniambia pole pole:

"Nasikia huji."

"Nani amekwambia?"

"Cynthia. Alilia kidogo, kisha akaenda kupika. Mimi sikuja kukubembeleza, mwanangu. Nimekuja kuona maua."

Nilikuwa nimemchorea kichwani picha ya bibi mwenye uso wa kuniibia mtoto. Sasa picha hiyo sijui niipeleke wapi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimerudi kukunja. Gundi ya mwarobaini inashika vizuri. Tunakausha maua juu ya jiko la makaa, zamu kwa zamu, na nyumba nzima inanuka dawa.

Alhamisi, 14 Mei

Krepu imekwisha na bado ukuta mzima haujafunikwa. Nimeshuka Kona ya Musa kwa yule anayeuza karatasi kuukuu kwa kilo, zile za kufungia njugu. Katika gunia lake nimekuta karatasi nene, rangi ya maziwa, zimeandikwa kwa mkono, Kiarabu, wino mweusi wenye vialama vyekundu. Nilisimama pale nikizitazama. Mistari imepinda kwa ustadi ambao mkono wangu hauwezi, nami kukunja ndiyo kazi yangu. Nimezichukua zote.

Nimepata wazo, na nimelipenda. Ua kubwa kuliko yote, la kukaa juu ya kiti, juu ya kichwa cha Cynthia, nitalifanya kwa karatasi hizi, maandishi yakionekana kwenye kingo za petali. Zitakazobaki nitazichanganya na za krepu katika maua mengine, na safu ya mwisho itazunguka kibao cha kuwekea miguu. Mimi si mtu wa maneno. Watu wale wakiona maandishi yao yamepambwa namna hiyo, watajua kwamba nimewaheshimu. Cynthia naye atajua kwamba ile "Sawa" yangu nimeifuta.

Rael amezigeuza geuza.

"Umemuuliza mtu, Baba Cynthia?"

"Niulize nini? Maandishi ni maandishi."

Jumatano, 20 Mei

Nimemwambia Rael nitayapeleka maua mwenyewe Msambweni, maana wanawake watayaponda njiani. Amesema sawa. Baadaye nimemsikia jikoni akiimba tenzi, na Rael haimbi siku za kazi.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Abdurahman ameleta nyama na kuondoka mbio, kuna nyumba nyingi za kugawia. Ua kubwa limekamilika. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 30 Mei

Sijui nianzie wapi.

Ndoa ni Ijumaa ijayo, nasi leo tulifika Msambweni kupamba, kwa pikapu ya kukodi, maboksi tumeyafunika turubai. Mzee Nzai, mjomba mtu, alinipa mkono kwa ufupi akaenda zake barazani. Mimi na Rael tukapanga ukumbini: ukuta kwanza, kisha kiti, kisha kile kibao cha miguu. Mwisho nikapanda kwenye stuli nikaliweka lile ua kubwa juu. Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka, wakisema mashallah. Cynthia akatokea jikoni, mikono ina unga, kajifunga ushungi. Sikuwa nimemwona tangu mwaka jana. Amekonda kidogo. Alitazama kiti, akanitazama mimi juu ya stuli, na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka acheke.

Bi Mwanakombo alikuwa ameinama penye kibao. Alivaa miwani. Akasema, "Subhanallah," taratibu kabisa, na ukumbi mzima ukanyamaza. Akaling'oa ua moja, akalifuta kwa kanga yake, akaliweka kwenye paji la uso.

"Mwanangu, haya umeyatoa wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa bado natabasamu, Mungu anisamehe.

"Hizi ni aya za Kurani," akasema. "Zimekatwa kwa mkasi. Na hizi hapa ziko pa kukanyagwa."

Mzee Nzai akaingia kwa ukimya ule. Alipoelezwa, hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Huyu si ndiye aliyesema haji? Miezi mitano hatukumwona. Leo kaja, na maneno ya Mwenyezi Mungu kayaweka miguuni. Kisha twaambiwa ni bahati mbaya?" Akamgeukia Abdurahman. "Ijumaa hakuna ndoa mpaka nijue tunaoana na watu wa namna gani. Kadhi nitakwenda kumwambia mimi."

Bado nilikuwa juu ya stuli. Cynthia akanisogelea mpaka miguuni pangu.

"Baba, ulifanya makusudi?"

Miaka yote hotelini nimejibu wageni wenye hasira kwa lugha nne. Binti yangu alinitaka neno moja na neno hilo lilikuwa "hapana". Nikasema, "Niliona ni mazuri."

Akageuka akarudi jikoni. Rael ndiye aliyenishika mkono tukatoka. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Mke wangu aliniuliza kama nimeuliza, nikamjibu kama bwana mkubwa.

Jumapili, 31 Mei

Sikwenda kanisani. Jethro alipita, akasikia habari, akakaa nami bila mzaha mpaka mvua ikakatika.

Jumatatu, 1 Juni

Asubuhi Bi Mwanakombo amepiga simu. Hakusalimia kwa kirefu.

"Njoo. Akina mama wataka kuyachana hayo maua kutoa zile karatasi, nami nimewakataza, watazirarua zaidi. Wewe ndiye ujuaye ulizitia wapi. Na mabaki yote ya nyumbani uje nayo, hata vipande."

Nilipofika alikuwa ameketi kwenye mkeka, sinia pembeni imetandikwa kitambaa cheupe, na maua yote amekusanyiwa mbele yake. Akaniambia ninawe mikono kwanza. Nikanawa mpaka viwikoni, kwa kuwa sikujua mpaka wa kunawa uko wapi, na sikutaka kupunguza.

Niliomba birika la maji ya moto. Gundi ya unga hulegea kwa mvuke. Unalishika ua juu ya mvuke, unasubiri, kisha unafungua petali kwa mpango ule ule uliozifunga, ya nje kwanza. Ukiharakisha zinachanika. Kila petali ya maandishi nilimpa bibi kwa mikono miwili, naye akainyoosha, akaisoma, akailaza siniani.

"Hii ni Alhamdu. Hapa mtoto alikuwa akijifunza herufi, tazama, be zote zimemlalia. Hii ni Alhamdu tena."

Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinitesa kuliko maneno ya Mzee Nzai. Nikamwambia wazi: "Bibi, nilitaka kuwaheshimu." Akasema, "Naona. Shika hilo vizuri, litaanguka."

Mzee Nzai alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, mikono nyuma.

"Kwa nini lile kubwa uliliweka juu, kichwani pake?"

"Kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote."

"Na hizi za miguuni?"

"Sikujua kama zina tofauti, mzee. Sijui kusoma Kiarabu. Kwangu yote yalikuwa ni mistari mizuri."

Akaokota petali moja siniani, akaiangalia mbele na nyuma.

"Hii imetoka chuo cha Kurani," akasema, si kwangu hasa. "Mtu ajuaye kusoma ndiye aliyeiuza kwa kilo. Mwislamu mwenzangu. Huyo ndiye wa kuulizwa."

Akavua kofia, akanawa, akaketi mkekani, akachukua ua. La kwanza alilichana. Nikamwonyesha: mvuke kwanza, kisha ya nje. La pili akalifungua vizuri, na uso wake ukapata raha kidogo.

Tulipomaliza, bibi alisema karatasi za namna hiyo hazitupwi jalalani, huzikwa pasipokanyagwa na mtu. Pana pembe nyuma ya ukuta wa msikiti. Akanitaka mimi nibebe sinia. Cynthia alinishikia mwavuli, na kwa mara ya kwanza tangu Januari tukatembea bega kwa bega.

"Sikufanya makusudi," nikamwambia.

"Najua, baba. Nilijua hata nilipokuwa nikikuuliza. Nilikuwa bado na hasira za ile 'Sawa' yako."

"Ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana," akasema.

Mzee Nzai mwenyewe ndiye aliyechimba.

Jumatano, 3 Juni

Ndoa iko pale pale, Ijumaa. Mzee Nzai amebadilisha jambo moja: haitafungwa msikitini, itafungwa ukumbini kwa Bi Mwanakombo. Hakutoa sababu. Rael anasema sababu ni mimi, nisije nikasita mlangoni.

Maua hayakubaki. Tumekaa huko siku nzima, mimi na Rael na majirani wa bibi, tunakunja upya kwa karatasi nyeupe tupu. Mengi ni kabichi. Sikurekebisha hata moja.

Ijumaa, 5 Juni

Mvua ya leo ilikuwa ya kufunga msimu, haikupumua tangu adhuhuri. Wanaume tuliketi ukumbini, wanawake walikuwa uani, naye Cynthia chumba cha ndani. Mimi nilikaa karibu na mlango, nikijiambia kwamba hapo panatosha. Kadhi akaketi mahali ambapo baba mwingine angeketi, Abdurahman mbele yake. Niliangalia mahali pale nikaona uchungu, nisidanganye. Lakini nilikuwapo.

Kadhi akawatuma mashahidi wawili ndani, mmoja wao Mzee Nzai, wakamuulize bibi harusi kama ameridhia. Kwa desturi yao hilo ni jambo la dakika, hata akinyamaza huhesabiwa ameridhia. Wakakawia. Watu wakaanza kutazamana. Abdurahman alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Kisha Mzee Nzai akarudi, akapita mbele ya kadhi, akaja mpaka mlangoni nilipokuwa, akachutama.

"Amenyamaza, na nilipotaka kuondoka akanishika kanzu. Asema kimya chake kisihesabiwe. Hajibu mpaka baba yake aulizwe kwanza."

Kadhi akanitazama, akaelewa, akageuza mwili wake wote upande wangu.

"Baba Cynthia, umeridhia?"

"Nimeridhia," nikasema.

Akaweka mkono sikioni. Mvua ilikuwa imezidi juu ya mabati. Basi nikasimama, nikarudia kwa sauti ile ninayoitishia chakula jikoni ukumbi wa hoteli ukiwa umejaa, na nadhani walisikia mpaka barabarani. Wanawake wa uani walisikia, maana walipiga vigelegele, kabla ya wakati wake kabisa, na hawakunyamazishika. Kadhi alingoja wamalize, na Mzee Nzai alete "ndiyo" ya Cynthia, kisha akaendelea na kazi yake.